Ndege Niliyomwandikia Mjomba

Mjomba wangu alipanda helikopta kabla mimi sijajua helikopta ni kitu gani, na kosa hilo sikumsamehe kwa miaka minne.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, suruali ndefu moja, na kalamu ya wino iliyovuja kila nilipoiweka mfukoni, hata mashati yangu yote yakawa na doa la bluu upande wa moyo. Nilikuwa nimemaliza shule na nasubiri kujibiwa kama nimepata nafasi ya chuo kule Kampala. Kusubiri kwetu Likawage kungekuwa kusubiri na jembe mkononi, kwa hiyo niliomba ukarani wa muda katika ofisi ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, mjini Lindi. Nikapewa meza yenye mguu mmoja mfupi na rundo la fomu. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika kwa Kiingereza majibu ya watu wasiojua Kiingereza, ili yasomwe na Mwingereza aliyekuwa amekaa palepale anawatazama. Niliiona kazi kubwa. Sisi tuliosoma wakati ule tulikuwa na imani moja ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha waziwazi: kwamba jambo ambalo halijaandikwa ubaoni mbele yetu halijatokea duniani.

Nilikaa kwa mjomba, kijijini Mitwero, pembeni mwa mji. Alikuwa kaka wa mama yangu, na alikuwa amerudi kutoka jeshi la Mwingereza miaka miwili kabla. Vita vyake havikuwa vile vikubwa vya Mjerumani, ambavyo angalau kila mtu alikuwa amevisikia. Vilikuwa vita vya baadaye, vya msituni, huko mashariki ya mbali kabisa, katika nchi ambayo msomaji wa leo anaijua kwa jina la Malesia. Wakati ule iliitwa, Mungu atusitiri, Malaya.

Hebu fikiri. Mwanamume ameondoka nyumbani muda mrefu, kamwacha mke. Anarudi bega lake la kulia limeshuka chini kuliko la kushoto. Watu wanamwuliza, kwa nia njema kabisa, bega limepatwa na nini. Naye anajibu ukweli: "Niliumia Malaya." Hakuna namna ya kuimaliza sentensi hiyo ukabaki na heshima yako. Watoto wa Mitwero walikuwa wakimwamkia, "Shikamoo, mzee wa Malaya!" na kwa kuwa shikamoo ni shikamoo, alilazimika kujibu marahaba. Mkewe, mwanamke mpole wa palepale Lindi, alichoka kuwaeleza wenzake kisimani. "Ni nchi," nilimsikia siku moja akisema. "Jamani, ni nchi. Ina mvua. Ina miti ya mpira." Mmoja akamjibu, "Hata huyo wa nyuma ya soko ana nyumba ya bati, lakini hatusemi ni nchi."

Mjomba hakuwa mtu wa kugombana. Alichokitaka ni mtu wa kumsikiliza habari ya safari moja tu, ile ya angani.

Kila Ijumaa baada ya swala alikuja mwenzake, askari aliyekuwa naye kikosi kimoja, mtu wa Kilwa Kivinje aliyekuwa akileta ng'onda, samaki wakavu, kuuza Lindi. Walikaa kibarazani, na ilikuwa lazima wote wawili wawepo ndipo habari ikamilike, maana kila mmoja alikuwa na kipande chake. Hawakusema helikopta. Kikosini kwao Waislamu walikuwa wengi, na Mwingereza alipowatajia jina la ile mashine kwa mara ya kwanza, wao walisikia Ali Kopta. Wakalipokea jina bila kuuliza zaidi. Tangu siku hiyo ikawa Ali anakuja, Ali amechelewa, Ali leo hana mafuta.

"Kwanza unamsikia tumboni," alisema yule wa Kilwa. "Masikio bado hayajajua kitu. Tumbo ndilo linaanza kutetemeka, unadhani umekula samaki aliyelala."

"Halafu majani," mjomba alisema.

"Halafu majani yanakimbia! Na kofia zinakimbia. Kofia yangu mimi iko Malaya mpaka leo."

"Si wewe peke yako uliyeacha kitu huko," alisema jirani aliyekuwa amesimama mlangoni, na baraza zima likacheka.

Yule wa Kilwa alingoja kicheko kiishe. Alikuwa amezoea zaidi kuliko mjomba. Akaeleza jinsi walivyopakiwa watu wachache wachache, mlango wazi, na msitu chini umejikunja kama kisamvu kinachochemka sufuriani. Alisema aliogopa, na hakuona haya kusema. Alishika kitu cha kwanza alichokiona, akafumba macho, akasoma kila aya aliyoijua, na alipoyafumbua wakiwa wametua alikuta ameng'ang'ania paja la koplo wa Kizungu safari nzima. "Naye kanyamaza! Kanyamaza kimya, kwa sababu naye kashika shingo yangu."

Kipande cha mjomba kilikuwa kifupi, na alikitoa taratibu. Sajenti wao wa Kizungu alikuwa amepigwa risasi. Ili Ali ashuke kumchukua, ilibidi wakate miti kufungua nafasi msituni. Mjomba alikuwa na shoka. Mti alioukata askari mwingine uliegemea upande usiotarajiwa ukamwangukia begani na kichwani, akazimia. Hakupigwa risasi, hakumkabili adui. Aliangukiwa na mti akimtengenezea mtu mwingine njia. Nafasi ilipopatikana wakawachukua wote wawili, yeye na sajenti, na mjomba alipozinduka alikuwa angani.

"Nikaona viatu," alisema. "Buti mbili, hapa, juu ya uso wangu. Kamba ya buti la kushoto imelegea. Nikasema, huyu atajikwaa. Halafu nikakumbuka, atajikwaa wapi, tuko juu."

"Buti za nani?" niliuliza.

"Za rubani. Rubani anakaa juu, mgonjwa analala chini."

"Ghorofani?"

"Kama ghorofani, ndiyo. Yeye juu, sisi chini. Sura yake siijui mpaka leo. Namjua kwa buti."

Mimi nilikuwa nimesoma kidogo habari za ndege. Nilijua bawa linavyofanya kazi; nilichora bawa hilo katika mtihani nikapata alama nzuri. "Mjomba," nilisema, na bado naisikia sauti yangu, sauti ya mtu anayemsaidia mgonjwa, "ndege isiyo na mabawa inapaaje?"

"Ina pangaboi juu. Kubwa. Linazunguka."

"Mbona pangaboi la dukani kwa Mhindi linazunguka kutwa na duka halijapaa?"

Walicheka mpaka yule jirani akashika ukuta. Ilikuwa hoja yangu ya kwanza ya kitaalamu, na nasikitika kusema ilishinda. Mjomba naye alicheka kidogo, akaniangalia, akasema, "Haya, msomi." Sikuona chochote katika macho yake zaidi ya kushindwa. Nilijieleza moyoni kwamba mtu aliyepigwa na mti kichwani anaweza kuota mambo mengi, na mwenzake wa Kilwa anamwunga mkono kwa mapenzi tu.

Jambo moja ambalo hakuna aliyelikataa ni kwamba mjomba alijua kuendesha lori. Bega lilipopona walimweka kwenye magari ya kambini, akaendesha mwaka mzima kwenye matope, akarudi nyumbani na tabia ya kusikiliza kila gari linalopita barabarani na kusema, peke yake, "Gia ya pili, ya pili, haya, iue injini basi." Kulikuwa na tajiri mmoja wa Kihindi mwenye lori lililokwenda Likawage kuchukua ufuta, korosho na nta. Dereva wake alikuwa mzee anataka kupumzika. Tajiri akamwambia mjomba kiti ni chako, lete leseni ya serikali. Ile ya jeshi haikuhesabiwa. Mjomba akaenda kwa polisi, akapimwa kuendesha, akapita. Ikabaki fomu ya afya tu, na fomu hiyo ilijazwa ofisini kwetu.

Nataka ieleweke alivyoitaka leseni ile. Alikuwa mtu mzima karibu na miaka arobaini, hana shamba Lindi, hana mtumbwi, amezaliwa bara na ameoa pwani, na kitu pekee duniani alichokiweza kuliko majirani zake wote kilikuwa usukani. Na dereva haitwi mzee wa Malaya. Dereva huitwa dereva.

Siku yenyewe tulitembea pamoja kutoka Mitwero asubuhi. Amevaa shati lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Njiani nikampa mashauri, kama mtu wa ofisi.

"Mjomba, wakikuuliza habari za jeshi, usiseme Ali Kopta."

"Niseme nini?"

"Sema ndege. Ndege ni neno la kueleweka. Hiyo Ali Kopta watakucheka, na mimi nipo pale."

Akafikiri hatua chache. "Ndege," alisema, kama anayejaribu kiatu. "Haya, mjomba. Ndege."

Ndiyo, naye aliniita mjomba, kama tunavyoitana huku, mkubwa kwa mdogo na mdogo kwa mkubwa.

Ofisini tulikuwa watu wanne. Bwana Shauri alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye pua iliyobabuka kwa jua, hana ubaya wala subira. Mkalimani alikuwa mzee wa mjini, kanzu na koti, kofia ya kazi nyingi ya mkono, mtu aliyefasiri kesi tangu mimi sijazaliwa. Jina langu lilikuwa katika barua ambayo mzee huyo alikuwa ameahidi kumwomba Bwana Shauri anisainie, ya kunisifu kwa watu wa Kampala. Nililikumbuka hilo kila alipokohoa. Mimi nilikaa pembeni na kalamu, na mjomba akasimama mbele ya meza, mikono imenyooka ubavuni.

Macho? Mazuri. Masikio? Mazuri. Mkono wenye bega lililoshuka akaombwa aunyanyue, akaunyanyua mpaka juu kabisa, Bwana Shauri akatikisa kichwa kukubali. Likabaki swali la mwisho. Mkalimani akalifasiri kwa adabu: "Je, bwana, umewahi kupotewa na fahamu? Kuzimia, au maradhi ya kuanguka?"

"Mara moja tu, mzee," mjomba alisema. "Malaya. Nilizimia, nikachukuliwa na ndege."

Na ili Mwingereza aelewe ni ndege gani, akanyanyua kidole juu ya kichwa chake akakizungusha, haraka haraka, kama pangaboi.

Lugha yetu ina ndege watatu. Yupo wa mitini, ipo ya angani, na upo ule ugonjwa ambao mama zetu wakimwona mtoto amekakamaa na macho yamegeuka husema ameshikwa na ndege. Kwa kawaida kiambishi cha kitenzi hutusaidia, lakini mjomba aliitunga sentensi yake bila kiambishi cha kutuambia ni ndege yupi. Mzee mkalimani alikuwa ameulizia maradhi ya kuanguka. Akajibiwa kuzimia na ndege. Alimwelewa kama ambavyo mtu yeyote wa pwani mwenye akili zake angemwelewa. Na lile neno Malaya alilimeza. Nilimwona akilimeza. Alikuwa mtu wa heshima, na hakuona sababu ya kumwambia Mzungu kwamba mtu huyu, tena mjomba wa karani, alizimia kwa malaya.

Kwa hiyo kulikuwa na maneno mawili katika habari yote ile ambayo Mwingereza angeyaelewa bila mkalimani. Moja lilikuwa Malaya. Pengine hata alikuwa na ndugu au rafiki aliyepigana huko. La pili lilikuwa Ali Kopta, ambalo masikioni mwa Mwingereza ni helikopta yenyewe, tena imetamkwa vizuri. La kwanza lilizuiwa na adabu ya mzee. La pili nilikuwa nimelizuia mimi, barabarani, kati ya Mitwero na mjini.

Mkalimani akafasiri. Kwa Kiingereza maradhi ya kuanguka yana neno moja fupi, na mzee yule mwenye meno machache alilitamka "fitsi." Bwana Shauri akakitazama kidole cha mjomba kikizunguka juu ya kichwa, akasema "Ah," kwa huruma, akaniashiria niandike.

Niliandika. Sitasema sikujua. Nilijua vizuri mjomba alikuwa anasema nini. Habari ile nilikuwa nimeisikia Ijumaa zaidi ya ishirini. Ningeweza kusimama. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini kumsahihisha mzee mbele ya mkubwa wake kulikuwa kuitupa barua yangu ya Kampala, na huo ndio udhuru wangu mzuri, ule ninaowapa watu. Ule mwingine ni kwamba niliona nikisimama nitalazimika kusema mbele ya Mzungu kwamba mjomba wangu alibebwa na chombo kisicho na mabawa chenye rubani ghorofani. Sikuamini. Kati ya chombo kile na ugonjwa wa kuanguka, ugonjwa ndio ulionielea. Kalamu ikavuja kidogo pembeni mwa neno, nikalikausha.

Mjomba naye alikuwa amesikia. Jeshini daktari alikuwa akimgonga askari mgongoni, akishamaliza kumpima, na kusema "Fiti!" na hilo lilikuwa Kiingereza alichokijua vizuri kuliko chote. Aliona mkalimani anasema fiti, Mzungu anaitikia, mpwa wake anaandika. Uso ukamfunguka. Akapiga saluti, mguu ukalia sakafuni, akatoka.

Nilimkuta nje kwenye ngazi.

"Fiti!" aliniambia. "Umesikia? Mzee kasema fiti."

"Nimesikia, mjomba."

"Na wewe umeandika?"

"Nimeandika."

Aliwaambia wote. Alimwambia tajiri, akamwambia yule dereva mzee, akamwambia jirani wa mlangoni. Nyumbani akachinja kuku, na mkewe akapika wali wa nazi. Mimi, kama mtu aliyeshika kalamu, niliwekewa paja, nikalila. Mwenzake wa Kilwa alipokuja Ijumaa walipigana mabega na kusemeshana fiti, fiti, wazee wazima. Siku zote hizo niliweza kusema. Nilijiambia labda hawataisoma fomu.

Barua ilikuja baada ya siku tisa, kwa Kiingereza, mjomba akaniletea nimsomee. Niliisoma kimya. Ilisema mwombaji hawezi kupewa leseni ya kuendesha gari kwa sababu ya maradhi aliyoyakiri mwenyewe.

"Inasemaje?"

"Inasema madereva wametosha kwa mwaka huu."

Aliichukua, akaitazama upande mmoja na upande wa pili, ambao haukuwa na kitu. "Maneno yote haya ni kutosha tu?"

"Kizungu ni kirefu, mjomba."

"Basi mwakani," alisema.

Tajiri hakuweza kungoja mwakani. Alimpa kiti kijana mmoja aliyekuwa akiona barabara kama adui, na mjomba akapewa kazi ya utingo katika lori hilohilo, kwa muda. Yaani kupakia magunia, kukaa juu yake, na gari likishindwa mlima kuruka chini na kutia gogo nyuma ya gurudumu. Mimi barua yangu ilisainiwa. Nikaenda Kampala.

Huko, mwaka wa pili, katika chumba cha kusomea magazeti, nilifungua jarida la picha la Kiingereza nikitafuta habari za mpira wa miguu. Nikaiona. Ilikuwa imetua msituni kati ya visiki, pangaboi juu, na askari Waafrika wameinama wanakimbilia mlango wa ubavuni. Dirisha la rubani lilikuwa juu ya mlango, kabisa ghorofani. Nilikaa na jarida lile mpaka mtu mwingine akaniomba. Ningependa kuandika kwamba nililia, lakini nilichofanya ni kuangalia kama ukurasa unaweza kuchanwa bila kuonekana, na haukuweza.

Nilirudi likizo. Siku ya kwenda Likawage kumwamkia mama, nilipanda lori la tajiri, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa chuo nikakaa mbele kwa dereva. Mjomba alikuwa nyuma juu ya magunia matupu pamoja na abiria wengine. Kila gia ilipolia niligeuka kwenye kidirisha, na kila mara nilimkuta amefumba macho. Katikati ya safari injini ikachemka, tukasimama kwenye kijito. Mjomba akashuka na debe kuchota maji, abiria nao wakashuka kunyoosha miguu.

"Mzee wa Malaya," alisema abiria mmoja, mchuuzi wa vitambaa, "si umwite Ali aje atubebe?"

"Ali hatui penye mawe," mjomba alisema, akimimina maji. Alijibu bila hasira, kama kazi nyingine ya utingo.

"Ni kweli," nilisema. "Hiyo ndege ipo. Nimeiona picha yake kitabuni, Kampala."

Wote wakanigeukia. Nikawaeleza: pangaboi, mlango wa ubavuni, rubani juu, askari weusi wanapanda.

"Kumbe!" alisema mchuuzi. "Kumbe mzee hakuwa mwongo?"

"Si msomi kasema," dereva alimjibu. "Kaona kitabuni."

Miaka yote ile mjomba aliisimulia kwa kinywa chake, na bega lake likiwa ushahidi, hawakuamini. Mimi nikaitaja mara moja wakaamini. Nilifurahi. Nilidhani nimemlipia kitu. Nilimtazama ili nione akifurahi, nikamkuta debe limesimama mkononi, maji yanamwagika kwenye miguu yake.

"Wewe ulikuwa huamini," alisema.

Nikanyoosha mkono nilipokee debe, hakuliachia.

"Barazani najua. Barazani ulikuwa unachekesha watu. Nakuuliza siku ile ya ofisini. Siku ile pia ulikuwa huamini?"

"Siku ile pia, mjomba."

"Basi uliandika nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote pale kijitoni, watu wanasikia: ndege ya mkalimani, neno la Kiingereza, barua ilivyosema hasa. Nikamwambia mzee alielewa vibaya, si kosa lake.

"Sijamwuliza mzee. Mzee hakai kwangu. Wewe ulijua ni ndege gani?"

"Nilijua."

"Na nikatoka pale nacheka," alisema. "Nikachinja kuku."

"Ndiyo."

"Ukala."

"Nilikula."

Alilikung'uta debe, akafunga kifuniko cha rejeta kwa kitambaa asiungue, akamwambia dereva, "Maji yamejaa. Washa." Kisha akapanda nyuma. Nilisema nitakaa naye huko juu ya magunia, akasema, "Kaa mbele, karani, utachafuka." Hakuwahi kuniita karani kabla ya hapo. Safari iliyobaki hakuna aliyemtania, na hakuna aliyemwomba habari ya Ali.

Niliporudi Lindi nilifanya niliyopaswa kufanya zamani. Nilimwandikia Bwana Shauri kurasa mbili. Nilieleza Malaya ni wapi na helikopta ni nini, nikaeleza mti, bega, na neno moja la Kiswahili lenye maana tatu. Ilikuwa barua nzuri. Najua kwa sababu niliisoma mara nyingi kwa kujipenda. Ofisini nikakuta bwana mwingine, yule wa pua iliyobabuka alikuwa amehamishwa, na mzee mkalimani alikuwa amestaafu. Karani mpya, kijana wa rika langu mwenye kalamu nzuri kuliko yangu, akaipokea, akaniambia jibu litapelekwa kwa mwombaji mwenyewe.

Lilikuja wiki ya mwisho ya likizo yangu. Nilikuwa kibarazani kwa mjomba nasoma gazeti alipofika tarishi na bahasha ya serikali. Mjomba akatia dole gumba kwenye wino, akaipokea, akaigeuza. Nikakunja gazeti, nikanyoosha mkono.

Akaitia mfukoni. Akavaa kofia, akatoka.

Mkewe alikuwa akichambua mchele mlangoni. "Anakwenda wapi na jua hili?" aliniuliza.

Sikujua. Baadaye nilisikia kwamba alitembea mpaka mjini, akaenda kwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu asiyemjua, Mkristo wa bara, akamwomba amsomee. Alirudi alasiri. Akanawa, akaswali, akala, akaniuliza safari yangu ya Kampala ni lini.

Asubuhi lori lilipopita kuchukua watu, nilitoka mpaka barabarani. Dereva alikuwa yuleyule. Mjomba alikwenda moja kwa moja nyuma, akashika ubao kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akajivuta juu ya magunia. Gia ikalia, akafumba macho. Ndivyo nilivyojua kwamba barua yangu ilijibiwa hapana.